Bunduki ya marehemu mjomba, mtutu umechakaa: nibadilishe au niiache ilivyo?

mpwa_wa_nyangao

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa wanaojua bunduki za zamani maana humu najua kuna wawindaji, mafundi na hata wastaafu.

Mjomba wangu alifariki mwaka jana msimu wa korosho ukiwa unaisha. Kwetu Wamwera mnajua tena, mpwa naye ana fungu lake, kwa hiyo arobaini ilipoisha wazee wakakaa, mikorosho ikaenda kwa watoto wake, mi nikapewa baiskeli, sanduku la chuma na bunduki. Hiyo bunduki na yeye aliachiwa na mjomba wake, yaani ni babu yangu, alikuwa skauti wa wanyamapori Liwale enzi za yule mzungu wa nyoka, Ionides. Hadithi ya nyumbani toka tuko wadogo ni kwamba iliokotwa Mahiwa vita ya Mjerumani, askari wa Mjerumani alianguka wazee wakaificha kwenye pango la mbuyu mpaka mambo yakapoa.

Hali yake sasa. Mbao ya mbele imepasuka karibu na triga, kitako kina alama za mchwa, chuma kina kutu ya kahawia, na ukichungulia ndani ya mtutu ni giza tupu. Mjomba alikuwa anasema zamani akiona palahala mita mia mbili ni nyama tayari, ila miaka ya mwisho hata debe mita hamsini lilikuwa linamshinda, risasi moja kushoto nyingine juu. Nimeamua mtutu umekufa. Nataka niweke mpya, nafikiria nihamie saizi ya risasi ya .308 maana nasikia risasi zake zinapatikana kirahisi, nitengeneze mbao ing'ae, halafu Julai niombe kibali niende upande wa Lukwika.

Kuna mzee hapa kijijini anatengeneza magobore anasema mtutu ataufunga yeye wiki moja tu. Mnasemaje? Imeandikwa taji, chini yake GR, halafu ENFIELD 1918, chini SHT.L.E. III*. Na kuna kialama kama mguu wa kuku. Kwa sasa iko chini ya kitanda changu.

binti_mikindani

Kaka pole kwa msiba. Ila hiyo sentensi yako ya mwisho ndo imenifanya nilogin.

Mjomba alikuwa na leseni? Kama alikuwa nayo, ilikuwa ya kwake yeye. Leseni ya silaha hairithiwi kama baiskeli. Wazee wa ukoo wanaweza kusema chombo ni chako na hakuna atakayebisha, ila ruhusa ya kukaa nacho ndani wanatoa polisi sio kikao cha arobaini. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 wewe hapo ulipo unamiliki silaha bila leseni, na hakimu hatakuuliza kama ni ya urithi au uliinunua Kariakoo.

Usiibebe kwenye bodaboda kuipeleka kituoni, ukikutwa njiani utaeleza nini? Nenda kwanza mikono mitupu kwa mtendaji, muende wote polisi, waeleze, waje kuichukua au wakupe utaratibu wa kuileta. Ikae kwenye ghala lao ukiwa unafuatilia yako. Pia fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi, maana watoto wa marehemu leo wamekubali kwa mdomo ila kesho mmoja akigombana na wewe kuhusu mpaka wa shamba anakwenda kusema umeiba bunduki ya baba. Nimeliona hilo kwa macho, na walikuwa wanakula sinia moja.

Maombi yenyewe yanaanzia kijijini, unapanda kata, wilaya, mkoa. Uwe na subira. Hiyo Julai yako andika kwa penseli.

mzee_wa_rondo

Marahaba mpwa. Msikilize huyo binti, kasema yote.

Mimi nataka kusema kuhusu huo mbuyu. Mahiwa walipigana Oktoba 1917, tarehe 15 mpaka 18, na mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani huku, na watu wake wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Bunduki yako imepigwa mhuri 1918. Sasa huyo askari wa Mjerumani alianguka vipi na bunduki ambayo haijatengenezwa? Na taji hilo na GR ni mfalme George wa Uingereza, Enfield ni kiwanda cha serikali yao. Ya Mjerumani ingekuwa Mauser. Askari wao wengi walianza vita na zile za 1871 za baruti nyeusi, ukipiga moja moshi unakaa hewani kama umechoma pori, adui anajua ulipo. Za kisasa zaidi ziliingia na meli ya Marie iliyotia nanga ghuba ya Sudi 1916, hapo hapo kwenu karibu.

Kwa hiyo wewe una .303 ya Mwingereza, ile fupi. Sio mbaya! Nimewinda nayo miaka kumi na tisa, ya kwangu ilitengenezwa Lithgow kule Australia.

chinga_og

😂😂😂 mbuyu umehukumiwa na tarehe. Mwambie shangazi yako taratibu asije akazimia

Ila wakuu mbona mnakuza mambo, magobore yanatengenezwa kila kijiji huku na watu wanakula nyama. Huyo mzee wa gobore akimfungia bomba shida iko wapi, chuma ni chuma

fundi_mitutu

@chinga_og shida iko hapo hapo kwenye "chuma ni chuma". Gobore linasukumwa na baruti nyeusi, mgandamizo wake mdogo, na hata hivyo kila mwaka kuna mtu anapoteza vidole. Risasi ya .303 ndani ya chemba, pale inapokaa kabla ya kupigwa, inafika kama psi 49,000 (psi ni kipimo cha mgandamizo, kile kile cha upepo wa tairi). Tairi la lori halifiki hata 150. Na hiyo nguvu iko sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Achilia mbali kwamba fundi asiye na leseni akigusa silaha mnafungwa wote wawili.

Sasa turudi kwa mwenye uzi. Mimi nilijifunza kazi Arusha kwenye karakana iliyokuwa inahudumia kampuni za uwindaji, sasa niko Masasi nafanya uchomeleaji na mashine za korosho, bunduki sigusi maana sina leseni ya kazi hiyo huku, ila naweza kukuambia utakachokikuta ukienda kwa fundi mwenye leseni Dar au Arusha.

La kwanza, futa .308 kichwani. Najua inavutia kwa sababu risasi zipo. Ila .308 ya dukani inaenda mpaka psi 62,000, na boksi la bolti la hiyo yako (ule mwili wa chuma bolti inamoteleza na mtutu unamofungwa) ni chuma cha 1918 kilichopigiwa hesabu ya .303. Bolti yake inafunga kwa nyuma, sio mbele kama Mauser, kwa hiyo kila ukipiga mwili mzima wa bunduki unavutika kidogo. Wahindi wa kiwanda cha Ishapore walitengeneza ya umbo hilo hilo kwa 7.62, yaani ndugu ya .308 upande wa jeshi, miaka ya 60, ila walitumia chuma kingine tangu mwanzo, hawakuchukua cha zamani wakabadilisha mtutu tu. Fundi atakayekukubalia haraka haraka kukuwekea .308 kwenye hiyo mkimbie.

La pili, nani kasema mtutu umekufa? Wewe umechungulia ukaona giza. Giza ni uchafu mpaka ithibitike vinginevyo. Zile risasi za zamani za jeshi fataki zake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, zinaacha chumvi ndani ya mtutu kila ukipiga, na hiyo chumvi inavuta unyevu kama chumvi ya jikoni, na hapo Lindi hewa yenyewe ni ya bahari. Watu wanapaka mafuta juu yake wanadhani wamesafisha, kumbe mafuta hayayeyushi chumvi. Dawa yake ilikuwa maji ya moto tu, unamwaga kwenye mtutu, unakausha, ndo unapaka mafuta. Wanajeshi wa Mwingereza walikuwa na kifaneli maalum cha kazi hiyo. Juu ya kutu kuna matabaka ya shaba iliyobanduka kwenye risasi. Nimeona mitutu myeusi kama wa kwako ikasafishwa siku tatu, dawa, brashi, kitambaa, tena dawa, tena kitambaa, mwisho mifereji, ile ya ndani inayoizungusha risasi, ikatokea. Ina vidoa vya kutu ndiyo, ila vidoa sio kifo.

mpwa_wa_nyangao

Asanteni sana. Nimeshapanga na mtendaji kesho asubuhi. Huo mguu wa kuku ndo nini sasa? Maana kama ni mali ya serikali si nitaambiwa babu aliiba kazini? Naogopa.

mzee_wa_rondo

Huo mguu wa kuku ni mshale wa Mwingereza, mali yote ya serikali yao ilipigwa hivyo. Angalia vizuri kama kuna mishale miwili imegusana ncha kwa ncha. Ikiwepo hiyo maana yake serikali iliiuza, ikatoka jeshini kihalali. Na fungua hilo sanduku la chuma, watu wa zamani walikuwa hawatupi karatasi.

fundi_mitutu

Naendelea, nilikatwa na umeme.

Fundi akishasafisha, ndo anapima. Anasukuma kidonge cha madini ya risasi kutoka mdomoni mpaka chemba (ndiyo, risasi ya risasi, Kiswahili chetu hiki) halafu anakipima na kipimo. Mtutu wa .303 ulio hai unasoma inchi .313 mpaka .315 hivi kwenye mifereji. Ukiwa umepanuka sana kupita hapo basi risasi za kawaida za .311 zinaogelea tu ndani, hazishikwi, hapo utawanyaji hauna dawa nyingine.

Halafu mdomo. Hii watu wengi hawaijui. Askari walikuwa wanasafisha kwa kamba, wanaivuta kutokea mdomoni, na kwa miaka mingi kamba yenye mchanga inakula mdomo wa mtutu upande mmoja kama kamba ya kisima inavyokula ukingo. Ndani mtutu mzima kabisa ila pale risasi inapoachia, pamepinda. Inatoka imesukumwa upande. Hilo tatizo halitaki mtutu mpya, fundi anaupanua mdomo kidogo kwa ndani kwa mashine mpaka pale mifereji iko mizima, basi.

Kingine ni headspace, sijui tuite nini, ile nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi ikiwa imekaa kwenye chemba. .303 ina ukingo kitakoni, kwa hiyo inapimwa pale kwenye ukingo. Kipimo cha chini ni inchi .064 na kile cha jeshi cha kusema hii haifai tena ni .074. Ikizidi hapo ganda linanyooka na linaweza kukatika ndani, gesi ya moto inarudi usoni. Na usichukue bolti ya bunduki nyingine ukachomeka kwa sababu imeingia. Kuingia sio kufunga.

Na kubwa zaidi kwa aina hii ya bunduki, ile MBAO. Umesema imepasuka karibu na triga. Kwenye hiyo SMLE (kifupi cha jina la hiyo yako, Short Magazine Lee-Enfield) mbao ya mbele ndo inabeba kishindo chote, kuna sehemu mbili ndogo ndani nyuma ya boksi ambazo lazima zigusane na chuma sawasawa, kulia na kushoto. Upande mmoja ukichakaa au ukipasuka, bunduki inatikisika ndani ya mbao yake kila ukipiga. Risasi moja kushoto nyingine juu. Si ndo ulivyosema? Mimi nakisia mtutu wa mjomba hauna kosa kabisa, unasingiziwa.

chinga_og

Sawa nimekubali nimeshindwa. Ila fundi tuambie basi ukiamua kubadilisha inakuwaje

fundi_mitutu

Mtutu umefungwa kwa nyuzi kama bolti na nati, tangu 1918, na kutu juu. Ukiulazimisha kwa bomba refu la spana unasokota boksi lenyewe, na boksi likisokotwa bunduki imekwisha. Fundi mzuri anauweka kwenye leth, mashine ya kuchonga chuma, anakata kigongo kidogo kwenye mtutu wa zamani mbele ya boksi ili ulegee, maana huo hauhitaji tena. Mpya ukiingia lazima ukaze na wakati huo huo ule ubapa wa juu ya mtutu uangalie mbinguni sawasawa, la sivyo saiti inalala upande kama kofia ya mlevi. Halafu ndo headspace inapimwa upya. Sio kazi ya wiki moja na sio ya kijijini.

Na mtutu wenyewe sio spea ya Boxer uagize tu. Uulizie polisi kabla hujalipa senti, kuuleta toka nje kunataka kibali. Ukipata basi uwe wa .303 ile ile.

mama_nanyumbu

Naomba nichangie upande wa kuwinda maana mume wangu marehemu alikuwa na leseni na mi ndo nilikuwa nafuatilia karatasi. Leseni ya bunduki ni kitu kimoja, kibali cha kuwinda ni kingine, hicho ni cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kinaandika mnyama gani, wangapi na eneo gani. Usiingie pori la akiba kwa sababu una bunduki mpya mkononi. Na .303 ni ya kongoni, kuro, ngiri, swala. Nyati usimguse nayo, wanataka kuanzia .375 na wana sababu, nyati aliyejeruhiwa anakusubiri kwenye majani. Majirani zangu wanajua.

Halafu ununue risasi za ncha laini za kuwindia. Zile za jeshi zilizofunikwa madini magumu mpaka nchani zinapita tu kama sindano, mnyama anakwenda kufia mbali anakula fisi.

mzee_wa_rondo

Mama umenena. Kuhusu mbao, mpwa usipige msasa! Vijana mkiona kitu cha zamani mkono unakimbilia msasa. Mikwaruzo iliyobonyea weka kitambaa kibichi juu, pitisha pasi ya moto, mvuke unainua mbao yenyewe. Kisha mafuta ya kitani, unapaka kidogo kwa kiganja, unasugua mpaka mkono upate joto, unaacha siku mbili tatu, unarudia. Mara kumi ikibidi. Vanishi ya milango usipake. Na kuna mtu atakushauri mafuta ya maganda ya korosho kwa ajili ya mchwa, ni kweli mchwa hawasogei, ila yanababua ngozi, na hicho kitu unakiweka shavuni. Rafiki yangu alikaa wiki mbili na shavu la kuungua, mkewe akawa anamwuliza kapigwa na nani.

Na hiyo ya kukata mbao ya mbele ionekane kama ya mzungu wa safari, usifanye. Ikikatwa hairudi, na hiyo bunduki imejengwa ilingane na mbao yake yote.

mpwa_wa_nyangao

Wakuu nimerudi. Najua ni miezi mingi, niliahidi mrejesho.

Polisi walinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, afisa mmoja alinisema kama nusu saa halafu akaniandikia risiti. Mirathi imepita, binamu zangu wote wamesaini, mmoja alitaka kwanza nimwachie baiskeli. Nikamwachia. Kwenye sanduku kulikuwa na kijitabu cha leseni cha babu, toka enzi za mkoloni, kimeandikwa amenunua, namba ni ile ile. Na mishale miwili ncha kwa ncha ipo, nilikuwa nimeiona siku zote nikadhani ni mkwaruzo. Kwa hiyo hakuna mbuyu wala Mjerumani. Shangazi amekataa kabisa, anasema wazungu walikosea kuandika mwaka.

Leseni yangu imetoka mwezi uliopita. Julai imepita ndiyo, binti_mikindani ulisema.

Fundi Dar amekaa nayo wiki tatu. Mtutu umesafishwa, ametoa kitu cheusi nikakionea aibu. Kidonge kimesoma .314 na kidogo. Headspace nzuri. Mdomo ulikuwa umeliwa upande wa chini kulia, ameuchimbua karibu sentimita moja na nusu kwa ndani. Na mbao kwa ndani, fundi_mitutu, sehemu ya kushoto ilikuwa imebonyea kabisa haigusi kitu. Ameweka vipande vya mti mgumu, ameunganisha ufa. Tumekwenda kwenye uwanja wa shabaha, mita mia, risasi tano zimeingia kwenye sahani ya chai. Mtutu ni ule ule wa babu.

Swali la mwisho: mkanda. Ule wa turubai umeoza, kuna mtu ana wa zamani au nishonewe tu?

mzee_wa_rondo

Hongera mpwa. Shona. Tafuta fundi viatu anayeshona mabegi ya shule kwa turubai la lori, upana inchi moja na robo, mwambie apitishe uzi mara mbili kwenye vichwa vya shaba. Vile vichwa vya shaba vya zamani usivitupe.

chinga_og

Na shangazi aachwe na mbuyu wake 🙏